Njiwa kajikunyata: joto kwanza, dawa baadaye

Ukimwona njiwa kajikunyata kwenye kona ya banda, manyoya kayavimbisha, macho kayafumba nusu, wenzake wanagombania mtama yeye hana habari, jua ugonjwa haukuanza leo. Ndege huficha udhaifu wake hadi nguvu za kuficha zimwishie, maana kundini anayepepesuka ndiye anayechukuliwa na mwewe. Unachokiona asubuhi kimekuwa kikijengeka kwa siku kadhaa, na muda wa kuchezea haupo tena.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji anauliza swali moja tu, "Wanahara?", unajibu ndiyo, unarudi na pakiti ya unga wa njano, unaukoroga kwenye maji ya banda zima. Tatizo ni kwamba njiwa mgonjwa ndiye asiyekunywa, kwa hiyo dawa inaishia kwa wazima. Isitoshe, antibiotiki huua bakteria, na magonjwa mengi ya njiwa hayatokani na bakteria: kuna virusi, kuna vijidudu vya kooni na vya utumbo, kuna minyoo, kuna sumu, kuna njaa tu. Mimi nafuata mpangilio mwingine: mtenge, mpashe joto, mpe maji, soma kinyesi, mfungue mdomo. Jina la ugonjwa huja baada ya hapo, na mara nyingi linajitaja lenyewe.

Saa za mwanzo

Mtoe bandani, umweke peke yake kwenye boksi la katoni lililotobolewa matundu, mahali pa kimya, mbali na paka na watoto. Chini tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha, juu yake karatasi nyeupe. Karatasi hiyo ina kazi yake, tutaifikia.

Joto la mwili wa njiwa ni kati ya nyuzi 41 na 42. Kulilinda anatumia chakula, na mgonjwa hali. Kwa hiyo hata Dar es Salaam, ambako wewe unatoka jasho, usiku wa upepo wa kusi unamtosha kufa. Iringa, Mbeya au Limuru ndiyo usiseme. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, ilaze upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande wa pili. Unalenga nyuzi 30 hivi pale alipokaa. Akianza kuhema mdomo wazi huku kaachanisha mabawa na mwili, umezidisha. Jiko la mkaa lisikaribie chumba hicho: moshi na gesi yake humuua ndege kabla wewe hujasikia hata kichwa kuuma.

Akishapata joto, maji. Pakiti ya ORS ya duka la dawa, iliyokorogwa kwenye lita moja ya maji safi kama maelekezo yake yanavyosema, inafaa sana, na iwe vuguvugu. Njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota akainua kichwa. Njiwa huzamisha mdomo akafyonza bila kuinuka. Basi mshike, teremsha ncha ya mdomo wake kwenye kikombe kidogo, matundu ya pua yabaki juu ya maji, subiri. Asipofyonza, lowesha ncha ya kidole upitishe pembeni mwa mdomo, tone moja moja. Usimmiminie maji kwa bomba la sindano juu ya ulimi. Ukimfungua mdomo utaona kitundu kinachofunguka na kufumba hapo kwenye shina la ulimi. Hiyo ni njia ya hewa, na maji yakiingia humo umemzamisha nchi kavu.

Chakula ngoja kwanza. Mwili ukiwa wa baridi, gole, ule mfuko wa chakula chini ya koo, halisukumi, na utakachoingiza kitachachia mle ndani. Wakati anapumzika, pitisha kidole katikati ya kidari. Mfupa ule ukiwa umezungukwa na nyama pande zote mbili, ugonjwa ni wa karibuni. Ukiusikia umetokeza, una makali, njiwa huyu amekuwa akikonda kwa wiki na hukumwona kwa sababu ya manyoya. Kisha mpime kwa mizani ya jikoni, uandike. Njiwa wa kawaida wa kufuga huwa na gramu 300 hadi 400, na ile namba utaihitaji ukifika kwenye dawa.

Karatasi inasema nini

Kinyesi cha njiwa mzima ni kitonge kilichojiviringa, rangi ya kahawia au kijani kilichofifia, kina kofia nyeupe juu yake. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Unyevu kidogo pembeni ni sawa.

Madoa madogo ya kijani kibichi, membamba, yasiyo na kitonge, ndiyo yanayowatia watu hofu kuliko yote. Mara nyingi maana yake ni moja tu: hajala. Tumboni hamna chakula, inatoka nyongo. Si ugonjwa wenyewe, ni dalili kwamba kuna kitu kinamzuia kula, na kazi yako ni kukitafuta, kuanzia mdomoni.

Kitonge kizuri kikikaa katikati ya dimbwi la maji masafi, hapo si kuhara. Ni figo zinazotoa maji mengi. Hofu tu, ya kushikwa au kusafirishwa, inaweza kufanya hivyo kwa nusu siku. Ikiendelea hadi kesho yake, na hasa akianza kutikisa kichwa, ruka uende kwenye sehemu ya shingo hapa chini. Punje nzima za mtama zikitoka kama zilivyoingia nazo zinaelekeza hukohuko.

Uji wenye ute, harufu kali, wakati mwingine damu, kwa njiwa aliye mchanga na banda lenye unyevu: fikiria koksidiosisi. Vijidudu vyake hukomaa kwenye kinyesi kibichi, ndiyo maana masika huwa ni msimu wake. Dawa inayopatikana kirahisi ni amproliamu ya kuku. Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi: amproliamu hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1. Ukimchanganyia na pakiti ya vitamini siku hizohizo, kama unavyoshauriwa "ili apate nguvu", umekilisha kijidudu. Vitamini ije dozi ikiisha.

Na yule anayekula vizuri, mchangamfu, lakini kidari kinazidi kuwa chembamba? Minyoo. Peleka kinyesi kibichi ndani ya kimfuko kwenye maabara ya mifugo kama ipo wilayani kwako. Kipimo cha hadubini ni rahisi, na kinakuepusha kubahatisha.

Mdomo: mgando wa njano

Kijana wa jirani alikuja na kinda mkononi, shingo imelegea.

"Shikamoo babu. Huyu nimempa ile antibiotiki ya OTC tangu Ijumaa, hajapona."

"Marahaba mwanangu. Umemfungua mdomo?"

Hakuwa amemfungua. Nyuma ya ulimi kulikuwa na donge la njano, limekauka juu, limeziba zaidi ya nusu ya koo. Harufu yake ilitosha. Kinda yule hakuwa amekataa kula. Alikuwa hawezi kumeza.

Huu ndio ugonjwa ninaotaka kila mfugaji aujue kwa macho. Unasababishwa na kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae, na njiwa wengi wakubwa wanacho kooni bila kuumwa. Mama na baba wote wawili hulisha makinda kwa maziwa ya gole, na kijidudu hupita humo. Wakubwa huambukizana kwenye chombo cha maji cha pamoja. Nje ya maji hakidumu. Kikikauka kinakufa, kwa hiyo kuosha vyombo na kuvianika juani kila siku ni nusu ya tiba ya banda.

Usilibandue lile donge kwa kijiti. Limeshika kwenye nyama na mishipa, ukilivuta anatoka damu nyingi kuliko anayoweza kupoteza. Dawa yake ni ya jamii ya metronidazoli, ileile watu wanayoijua kwa jina la Flagyl. Kwa njiwa kiasi kinachotumika sana ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 5. Njiwa wa gramu 300 ni miligramu 15. Chupa ya dawa ya maji ya watoto yenye miligramu 200 kwa mililita 5 itatoa hiyo kwenye mililita 0.4 pungufu kidogo; lakini soma lebo, nguvu za chupa zinatofautiana, na daktari wa mifugo akiwepo mwonyeshe hesabu yako kwanza. Ukizidisha, njiwa anaanza kuyumba na kupinda shingo, halafu unadhani kapata ugonjwa mwingine. Tumia bomba la mililita 1 lisilo na sindano, upite pembeni, nyuma ya lile tundu la hewa. Siku ya tatu donge huanza kulegea lenyewe. Na njiwa aliyepewa dawa hii asiliwe. Ni dawa ambayo nchi nyingi zimeikataza kwa mifugo ya chakula.

Njano kama hiyo mdomoni, ikiambatana na vigaga kwenye kope, kwenye kona za mdomo na miguuni, ni ndui. Inaletwa na mbu na ni virusi, haina dawa. Paka ayodini kwenye vigaga, usivichune, mfungie mahali pasipo mbu, mlishe kwa mkono ikiwa macho yamefumba. Wiki tatu nne hivi vinadondoka.

Shingo inapinda

Unamwona anadonoa punje, anaikosa kwa nusu inchi. Anadonoa tena, anaikosa. Ukimshtua kichwa kinageuka, taratibu, mpaka mdomo unaangalia juu na utosi unagusa sakafu. Watu wa kwetu husema karogwa, au kapigwa na upepo mbaya.

Mara nyingi hiki ni kirusi cha njiwa ambacho ni ndugu wa mdondo wa kuku, ule ambao wengine huuita kideri. Kinashambulia figo na mishipa ya fahamu, ndiyo maana yale maji mengi kwenye kinyesi hutangulia shingo kwa siku chache. Hakina dawa. Hapa watu huchinja, nami nasema wanaharakisha. Njiwa wengi wa aina hii hufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na mtama, kwa sababu hawalengi tena. Akilishwa kwa mkono wiki 6 hadi 12, wengi hurudi wakaruka, ingawa wengine hubaki wakitikisa kichwa kila wanapokasirika. Mpe chakula kwenye kibakuli chenye kina, kijae mbegu, ili popote mdomo utakapotua uokote kitu. Punguza mwanga na kelele. Kaa naye mbali na njiwa na kuku wengine si chini ya wiki 6, na ubadilishe viatu kabla ya kuingia banda kubwa. Kuhusu chanjo, inalinda wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Kabla hujaamua ni kirusi, shika kiungo cha bawa na cha mguu. Uvimbe wa moto kwenye kiungo, bawa moja limening'inia, kinyesi cha kijani chenye ute, kukonda haraka: hiyo ni salmonela, na huyu sasa ndiye anayehitaji antibiotiki, iliyochaguliwa na daktari na kumalizwa dozi yote. Nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu binadamu naye huipata.

Sababu ya tatu ni sumu. Uliza kama jirani kamwaga mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, au dawa ya panya. Na mahindi yenye ukungu usiwape hata kama "ni ya ndege tu". Sumukuvu inaharibu ini la njiwa kama inavyoharibu la mtu.

Anahema, mkia unapanda na kushuka

Ukimwona katulia, hajaruka, hakuna joto kali, lakini kila pumzi mkia unacheza, mapafu au mifuko ya hewa ina shida. Kwanza nusa chumba. Udi wa jioni, dawa ya mbu ya kuzungusha, dawa ya kupuliza mende, moshi wa kuni: ndege hawavumilii. Nyumba zetu za pwani hazikai bila ubani, sawa, lakini boksi la mgonjwa lipelekwe uani wakati wa kufukiza.

Jicho moja likitoa machozi na kuvimba, na mafua yanasikika, kuna uwezekano wa klamidia ya ndege, ugonjwa wa bakteria, ambayo hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Wakati wa dozi hiyo ondoa changarawe, maganda ya mayai na maganda ya chaza, kwani kalisi hushikana na dawa tumboni ikapita bila kufanya kazi. Ugonjwa huu unamwambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu. Lowesha banda kabla ya kufagia, funga kitambaa puani, na ukipata homa na kikohozi kikavu katika kipindi hicho mwambie daktari wako kwamba unafuga njiwa. Asipoambiwa hatauliza.

Jike amekaa chini, anakaza

Njiwa hutaga mayai mawili, la pili likifuata karibu siku mbili baada ya la kwanza. Jike aliyesimama miguu kaitanua, mkia chini, anakaza bila kitu kutoka, yai limekwama. Mpashe joto zaidi kuliko mgonjwa mwingine, weka sufuria ya maji ya moto karibu na boksi ili hewa iwe na unyevu, mpake mafuta ya kula kidogo kwenye tundu la kutagia. Usiliminye, yai likipasukia ndani ni kifo. Likichelewa hadi siku ya pili, ni kazi ya daktari. Kwa kawaida chanzo ni ukosefu wa kalisi: mahindi matupu mwaka mzima, bila chaza wala ganda la yai lililosagwa.

Miguu na majeraha

Mjini, njiwa anayechechemea mwangalie vidole kabla ya kitu kingine. Nyuzi za rasta zinazofagiliwa nje ya saluni humviringa kidole zikakaza hadi kikaoza. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, paka mafuta, kata uzi kwa kimkasi kidogo ukianzia upande ulioachia. Inachukua muda na macho mazuri. Mwite mtoto akusaidie kushika tochi.

Aliyeponyoka kwa paka hata kama ana kitundu kimoja cha jino apelekwe kwa daktari siku ileile. Mate ya paka yana bakteria wanaoua ndege kwa siku moja au mbili, na hapa antibiotiki ndiyo yenyewe. Aliyekwanguliwa na mwewe akinywa maji yakavuja kifuani, gole limechanika. Linashonwa, na wengi hupona.

Kumlisha

Kajaa joto, kanywa, kaacha kinyesi: sasa alishwe. Loweka choroko au njegere usiku kucha hadi zilainike. Mfunge kwa kanga kama mtoto, kichwa nje, mgongo kifuani kwako. Kwa kidole gumba na cha shahada fungua mdomo, sukuma njegere moja juu ya ulimi hadi nyuma, mwachie afumbe ameze. Njegere 30 hivi kwa mlo, asubuhi, mchana na jioni, zinamtosha mkubwa. Mnyonge aanze na 10. Kabla ya kila mlo gusa gole. Likiwa bado limejaa tangu mlo uliopita usiongeze. Asubuhi likiwa halijapungua, linabonyea na mdomo unanuka siki, chakula kimechacha: rudi kwenye joto na maji tu, na umtafute daktari.

Shubiri na pilipili kwenye maji, nakuomba uache. Maji machungu hayanyweki, na mgonjwa asiyekunywa anakauka kabla hata ugonjwa haujamfikisha pabaya.

Wakifa watatu wanne kwa mpigo, au kuku wa jirani nao wakianza, hilo si la boksi na chupa ya moto. Usiuze, usichinje, usitupe mizoga jalalani. Mpigie afisa mifugo wa kata, na mizoga ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa mpaka aseme.

Aliyepona asirudishwe siku anayoanza kula mwenyewe. Subiri uzito urudi, kitonge kiwe kigumu siku kadhaa mfululizo, na aweze kuruka kutoka sakafuni hadi kwenye kijiti bila kuchechemea. Nafasi yake bandani itakuwa imechukuliwa, na dume aliyeichukua atampiga. Mwingize jioni wakati wa kutua, ukiwa umeongeza kijiti kimoja na chombo cha pili cha maji, na kesho yake asubuhi uwepo wakati wa kulisha uone kama anafikia mtama.